Udongo Aliopewa Mgeni

Mjukuu wangu hunisomea gazeti jioni, na zikitokea habari za vinu vya nyuklia, nchi gani imejenga na nchi gani inataka kujenga, namkatiza kila sentensi ya pili. Namwambia hivi sivyo, namwambia mwandishi hajui. Yeye hunivumilia kama watu wanavyowavumilia wazee. Kosa si lake. Sijawahi kumsimulia kwamba jambo hilo liliwahi kufika mpaka shambani kwa mama yangu, na kwamba mimi ndiye niliyelitia doa.

Wakati huo Tanganyika ilikuwa chini ya Waingereza. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nimesoma shule ya misheni, na Kiingereza changu kilikuwa kinatosha kuwaudhi wenzangu. Kijiji chetu kiko upande wa njia ya Namanyere, mwendo wa siku nzima kwa miguu kutoka Sumbawanga, chini ya kilima kisicho na miti. Kileleni palikuwa na tanuri la zamani la kuyeyushia chuma, la udongo wa kichuguu, refu kupita mtu. Sisi tunaliita ilungu. Baba yangu alikuwa katika kundi la mwisho la wanaume waliolitumia, kabla majembe ya dukani hayajaua kazi ile. Alipofariki alimwachia mama nyumba, jembe moja alilofua mwenyewe, na shamba lote la chini ya kilima.

Shamba la Ufipa lina kazi yake. Mvua zinapokaribia kuisha, unakata ardhi pamoja na majani yake, unaigeuza juu chini, unarundika mpaka inakuwa tuta la mviringo, majani yote yamezikwa tumboni. Hizo ndizo intumba. Unapanda maharage juu yake. Kiangazi chote majani yanaoza mle ndani taratibu, na mvua mpya zikija unavunja tuta, unasambaza ule udongo mweusi na kupanda ulezi. Ukitazama mteremko wa Ufipa mwezi wa Julai unaona intumba tupu, mstari kwa mstari. Mama alikuwa na zaidi ya mia nne, na alizijua karibu zote.

Kiangazi kimoja ndipo alipofika mtaalamu wa miamba. Alikuja na lori la kukodi la mfanyabiashara mmoja wa mjini, Mwislamu, mtu wa heshima zake, ambaye familia yake ilikuwa na duka mtaa wa Mazwi, Sumbawanga. Mtaalamu alikuwa mrefu, mwembamba, pua imebambuka kwa jua, na Kiswahili chake kilikuwa cha amri tu: leta, weka, ngoja. Alihitaji mkalimani. Nilijitokeza kabla hajamaliza kuuliza.

Alikuwa anatafuta urani. Nyumbani kwao, alinieleza, walikuwa wanajenga jiko la aina mpya. Linatiwa jiwe, na jiwe lile linatoa joto lenyewe bila kuwashwa moto, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine, na watu wanapata taa. Neno kinu cha nyuklia lilikuwa halijafika kwetu, kwa hiyo niliwatafsiria watu kwamba Waingereza wanajenga ilungu lisilotumia makaa. Nikaongeza chumvi kidogo, nikasema jiwe la ukubwa wa ngumi linaweza kuwasha taa Sumbawanga nzima. Wakati huo Sumbawanga nzima ilikuwa na taa za kuhesabika kwa vidole, kwa hiyo sikuwa nimedanganya sana.

Watu walicheka. Mama hakucheka. Alikuwa mjane wa mtu wa ilungu na mambo ya matanuri aliyachukulia kwa uzito. Alitaka nimuulize mgeni kama wanaume wanaojenga jiko hilo wanalala na wake zao. Niliona haya, nikajaribu kuruka swali, akanikazia macho. Kwetu mtu wa ilungu alihamia kilimani mpaka chuma kitoke. Akirudi kwa mkewe katikati ya kazi, tanuri linaharibika. Nikauliza. Mtaalamu aligeuka mwekundu kuliko pua yake, halafu akajibu kiungwana kabisa kwamba kaka yake yuko katika kazi hiyohiyo, wanakaa ndani ya ua uliozungushiwa waya na kulindwa, na mke wake anamwona mwisho wa juma tu.

Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema basi wanaijua kazi.

Tangu siku hiyo alimpenda. Kila asubuhi mtaalamu alipopita na kisanduku chake begani, mama alipiga makofi ya salamu kama tunavyowapigia watu wa heshima, na mtaalamu akajifunza kuyarudisha, vibaya, mikono yote miwili kama mtu anayefukuza ndege. Kisanduku kilikuwa kinapima lile jiwe. Kilialika, ta, ta, polepole kila mahali, lakini tulipofika chini ya kilima, pembezoni mwa shamba la mama, kilianza kualika haraka haraka kama bisi zinapoanza kupasuka chunguni. Mtaalamu alisimama. Alirudi nyuma hatua kumi, akaja tena mbele.

Mchana ule tulikaa kivulini mwa tanuri la baba na akanieleza mambo mawili. La kwanza lilikuwa la baba yake. Alikuwa mchimba makaa ya mawe, akafa kwa kukohoa vumbi la makaa akiwa hajafika miaka hamsini. Jiko hili jipya likifanikiwa, alisema, watoto wa watu hawatashuka tena shimoni kumfuata baba. Alisema hivyo akitazama tambarare yote ya Ufipa na nilimwamini, na ninamwamini mpaka leo. Jambo la pili alilisema kwa upole, lakini alilisema: ikionekana jiwe lipo kwa wingi, patachimbwa shimo kubwa, patawekwa waya, na watu wa chini ya kilima watahamishwa. Watalipwa nyumba na mazao. Nikauliza watahamishiwa wapi. Hakujua.

Nilishuka kilimani siku ile nikiwa na jiwe langu mwenyewe tumboni. Kijiji kizima nilikitafsiria la taa, hili la pili sikumtafsiria mtu isipokuwa mama. Alinisikiliza, akaendelea kupepeta ulezi wake. Akasema nchi ni ya Mungu na mgeni hajamaliza kutafuta.

Kisanduku peke yake hakikutosha. Ilibidi udongo upelekwe maabara. Mtaalamu alikata mistari juu ya shamba la mama na ya jirani zake, akaweka vigingi, na kwa kila kigingi akaagiza vibarua wachimbe ardhi tambarare mpaka kina cha goti, wachukue udongo wa chini kabisa, watie katika kifuko cha kitambaa chenye namba. Nilitafsiri agizo hilo neno kwa neno. Kisha mimi na yeye tukapanda kilimani kwa siku mbili kupima miamba, tukawaacha vibarua na vifuko vyao.

Vibarua walikuwa vijana wa kwetu, watoto wa wakulima. Walipoinua majembe pale kwenye kigingi cha kwanza, mama alitokea. Aliwauliza kama wamepoteza akili. Udongo ule kati ya tuta na tuta ulikuwa umekwanguliwa na kurundikwa wote. Kilichobaki ni ardhi mfu, nyekundu, isiyootesha hata magugu. Huo ndio wa kumpa mgeni aliyetoka ng'ambo ya bahari? Mtu akikuomba chakula unampa ukoko? Akawashika mkono mmoja mmoja akawapeleka kwenye intumba zake nzuri, zile za karibu na mkondo wa maji, akafunua kila moja na kuwajazia vifuko kwa kiganja chake mwenyewe. Vijana walipiga makofi wakapokea. Sitaki kuwatakasa: ardhi ya Julai ni ngumu kama mwamba na tuta ni laini, na mshahara ni uleule. Lakini ninawajua, na najua kwamba waliona aibu kwelikweli. Wanawake wa mashamba ya jirani waliona alivyofanya mama, nao hawakukubali kushindwa ukarimu. Kila mmoja alitoa tuta lake bora.

Niliporudi niliona intumba zimetobolewa ubavuni, shimo la ukubwa wa kiganja, mstari mzima. Mama akanisimulia kwa fahari. Nilielewa pale pale. Udongo wa tuta ni majani yaliyooza na tabaka la juu. Hausemi lolote juu ya kilicho chini. Kazi yote ilikuwa bure. Vifuko vilikuwa bado kwenye kreti mbele ya hema la mtaalamu, hatua hamsini kutoka nilipokuwa nimesimama. Ningetembea hatua hamsini nikasema. Sikutembea.

Majibu yalichukua wiki kadhaa. Yalikuja na lori, karatasi moja, na mtaalamu akaisoma akiwa ameketi juu ya sanduku la mikebe. Hakuna kitu. Udongo wa kawaida, karatasi ilisema, wenye rutuba. Aliisoma mara ya pili na ya tatu, akaniita.

“Niambie kweli,” alisema. “Wale vijana walichimba kama nilivyoagiza?”

“Walichimba kama ulivyoagiza, Bwana,” nikamjibu.

Nilimtazama usoni nilipokuwa nasema. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba sikuinamisha hata macho. Aliniamini mara moja. Akaanza kukilaumu kisanduku, na joto, na yeye mwenyewe. Akasema labda alitaka sana jiwe liwepo mpaka akalisikia. Alizeeka mbele yangu kwa muda wa dakika chache. Halafu akanishukuru kwa kazi nzuri na kunipa sweta lake la sufu.

Asubuhi ya kuondoka alikuja kumuaga mama. Mama alimpikia ugali wa ulezi na maharage, akamwekea kigoda cha baba. Mtaalamu alikula vizuri, alikuwa amejifunza kumega tonge. Alipomaliza, mama akapangusa mikono, akaniambia kwa Kifipa, “Muulize mgeni kama udongo wangu ulimfaa.”

Wote wawili walinitazama. Nilimwambia mtaalamu kwamba mama anamtakia safari njema. Mtaalamu akasema nimwambie asante, hatamsahau. Nikamgeukia mama nikamwambia anasema ulimfaa sana. Kazi ya mkalimani ni kama ya daraja, na siku ile daraja liliwaangusha watu wawili kwa mpigo mmoja nao wakatabasamu.

Lori lilipotokomea, mama alibaki amesimama mlangoni. Kisha akaanza kutazama paa, kuta, ghala la nafaka, kitu kimoja baada ya kingine. Akasema taratibu, “Basi tutahama.”

Sikuelewa. Akanieleza kama unavyomweleza mtoto: kama udongo umemfaa, ataurudia. Alijua hivyo siku ile alipokuwa anavijaza vifuko. Alikuwa amejua tangu nilipomwambia habari ya waya na shimo, na bado aliwapeleka vijana kwenye tuta bora, kwa sababu mtu aliomba na yeye alikuwa nacho.

Hapo furaha ilinipasua. Nikamkumbatia, nikamwambia hatuhami, mama, hatuendi popote, na nikamwaga yote: udongo usiofaa, karatasi, swali la mtaalamu, jibu langu, na hata yale maneno ya kumuaga. Nilikuwa nacheka. Nilingoja acheke pia.

Alijitoa mikononi mwangu. Alikaa chini. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mimi nilikuwa nimepona kwa kumwibia mgeni.

“Mimi nilimpa kilicho kizuri nilichonacho,” alisema mwishowe. “Wewe ukampa uongo, na ukaupitisha katika kinywa changu. Mfuate.”

Nilimwambia lori limekwisha ondoka. Akasema miguu ninayo. Nikamwambia nikisema kweli watarudi, watachimba, tutahamishwa, hili shamba na kaburi la baba vyote vitaingia ndani ya waya. Akaniambia anajua kuhesabu. Nilikasirika sana. Nilimwona mkaidi, nikamwambia hivyo, na ni mara ya pekee maishani niliyompandishia sauti. Alinifungia ugali uliobaki katika jani la mgomba.

Nilianza safari kabla jua halijachomoza siku iliyofuata na nilifika Sumbawanga jua limeinama. Njiani nilitunga maelezo ya kila aina, mengine yenye heri kwangu, lakini njia ya mwongo ni fupi na ile ilikuwa ndefu, yote yaliniishia. Pale Mazwi lori lilikuwa uani kwa mfanyabiashara na mtaalamu anasimamia kreti. Nilimwamkia, nikasema yote kwa pumzi moja, nimevaa sweta lake.

Aliketi juu ya gurudumu la akiba. Nilipofika kwenye mama akiwashika vibarua mkono na kuwapeleka kwenye intumba, alianza kucheka, akacheka mpaka machozi yakamtoka, na sikujua ni wakati gani kicheko kilikoma. Aliuliza kwa nini nimekuja kumwambia wakati mambo yalikuwa yamekwisha.

“Mama amenituma,” nikasema.

“Anajua kitakachotokea?”

“Anajua kuliko mimi.”

Mwenye duka alileta chai, akatuangalia, akaondoka. Mtaalamu aliizungusha chai yake mpaka ikapoa. Alikuwa ameshaamriwa kwenda kusini, hakuwa na ruhusa ya kurudi mwaka ule. Lakini alisema ataandika kwamba kazi irudiwe baada ya mvua, kwa sababu hiyo ndiyo kweli. Na ataandika pia kwamba chini ya kilima wanaishi watu, wangapi, na wanalima nini, kwa sababu na hiyo ni kweli. Akanitaka nimhesabie nyumba. Nilimhesabia, akaandika. Halafu akanituma kwa mama: udongo wake ulikuwa mzuri mno, kosa ni lake yeye, aliomba kibaya bila kueleza kwa nini.

Safari hii nilitafsiri bila kupunguza wala kuongeza. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akasema, “Ah, kumbe alitaka kibaya,” kana kwamba jambo zima lilikuwa limepata ufumbuzi.

Mvua zilikuja, tukavunja matuta na kupanda ulezi. Mvua zilipokaribia kuisha tukaanza intumba mpya, na hapo nikaona mama amekiruka kipande. Kilikuwa na upana wa hatua nne, kutoka njiani mpaka chini ya kilima, palepale kisanduku kilipoalika. Hakukigusa. Alisema ni cha mgeni. Akirudi asihangaike kuomba wala watu wasije wakakosea tena, akute kibaya chake kiko wazi kinamngoja. Jirani walimtania kwamba amefungua barabara ya kwenda mbinguni. Mimi sikutania. Nilihesabu matuta ambayo yangekaa pale, na nilijua ni ugali wa miezi mingapi.

Kiangazi kilikuja, hakuja mtu. Mwaka wa pili alikiruka tena. Nilimsihi, akakataa. Kila lori likinguruma upande wa Namanyere aliacha jembe akatazama, na mimi nilimtazama yeye, na sikuweza kujua kama anaogopa au anangoja. Nafsi yangu ilikuwa inaogopa tu.

Mwaka wa tatu, mwezi wa Machi, nilipeleka maharage mjini. Redio ya betri pale dukani ilikuwa inazungumza na mwenye duka akanipungia mkono nisogee. Ilisema kwamba huko Uingereza lile jiko la jiwe sasa linafanya kazi, na nyumba za watu zinapata taa kutoka kwake. Mwenye duka akaniambia na lake: alikuwa ameandikiwa kwamba lori lake halitahitajika tena upande wetu. Jiwe wamelipata kwingine, katika nchi nyingine, kwa wingi wa kuwatosha.

Sikungoja hata kunywa chai. Nilirudi ile njia yote usiku kucha kama mtu anayeteremka mlima, nikafika asubuhi na kumkuta mama shambani, amefika kwenye ukingo wa kile kipande. Nilianza kumwita kabla hajanisikia. Nikamwambia imekwisha, mama. Jiko linawaka. Jiwe wamelipata kwingine. Lima kipande chako.

Alijiegemeza kwenye mpini.

“Huko walikolipata,” aliuliza, “palikuwa na shamba la nani?”

Nilisema sijui. Redio haikusema.

“Basi usinifurahie,” akasema.

Alivuka mpaka, akainua jembe la baba, akakata ardhi ya kwanza katika kile kipande na kuigeuza. Ilikuwa ngumu. Nilichukua jembe la pili nikaanza upande wa pili, tukalima mpaka mchana, na nilikuwa nalia, na yeye aliniacha nilie.